Kusoma hali ya hewa na theluji ya mlimani kabla hujapanda lifti: mwongozo kwa anayetoka Dar

Ikifika Novemba simu yangu huanza kuita. Binti wa jirani amepata chuo Innsbruck, Austria. Rafiki yangu ana dada aliyeolewa Uswisi, na mama yao amealikwa huko Krismasi. Kijana wa ofisi fulani Posta anapelekwa Davos, Uswisi, kwenye mkutano, ameambiwa Jumamosi wenyeji watawapeleka kuteleza kwenye theluji. Maswali ni yale yale kila mwaka: "Dada, huko baridi kiasi gani?" "Theluji itakuwepo kweli?" "Mbona simu inasema nyuzi 3, si kama Makambako tu mwezi wa sita?"

Nilikaa misimu miwili ya baridi kwenye jiko la hoteli moja kijijini Tirol, Austria, kwanza nikiosha vyombo, baadaye nikikata mboga. Ukutani karibu na mlango wa jikoni kulikuwa na ubao wa hali ya mlima, unabadilishwa kila asubuhi, na mimi nilikuwa nauangalia kama mtu wa Mbagala anavyoangalia foleni. Nilijifunza kuusoma kwa kukosea. Safari hii nimeandika, mkiuliza nitatuma hii.

Jambo kubwa kuliko yote: ukiandika jina la kijiji kwenye simu, utabiri unaopata ni wa kijiji. Wewe hutakuwa kijijini. Utakuwa mlimani, mita elfu moja au zaidi juu yake, na huko ni nchi nyingine.

Kabla hujaanza, kuwa na haya

Jina kamili la kijiji na la kituo cha juu cha lifti (mitambo ya waya inayopandisha watu mlimani). Mara nyingi hayafanani. Zermatt, Uswisi, ni kijiji, lakini lifti ya juu kabisa inafika Klein Matterhorn, mita 3,883. Chamonix, Ufaransa, ni mji, lakini gari la waya linakupeleka Aiguille du Midi, mita 3,842.

Miinuko mitatu ya sehemu unayokwenda: kijiji, kituo cha katikati, kituo cha juu. Iko kwenye ramani ya miteremko, karibu kila kituo cha kuteleza kinaiweka kwenye tovuti yake. Andika kwenye karatasi, maana utaihitaji katika kila hatua.

Vyanzo vinne kwenye simu: tovuti ya kituo chenyewe (theluji na lifti), utabiri wa mamlaka ya hali ya hewa ya nchi husika (MeteoSwiss kwa Uswisi, Météo-France kwa Ufaransa, GeoSphere kwa Austria), taarifa ya maporomoko ya theluji ya eneo hilo, na kamera za mlimani. Zote bure.

Bima. Visa ya Schengen inataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, hiyo utakata upende usipende. Lakini soma maandishi madogo: bima nyingi za safari haziingizi michezo ya theluji mpaka uongeze. Kushushwa mlimani kwa helikopta ni bili ya kumfanya mtu auze kiwanja.

Nguo. Usinunue Ulaya kabla hujapita Karume. Kwenye balo za majaketi hutoka majaketi halisi ya theluji, na wauzaji wengi hawayajui, wanayaona mazito tu. Tafuta lenye mkanda wa mpira kwa ndani kiunoni, ule ni wa kuzuia theluji isiingie ukianguka, na jaribu zipu zote hapo hapo. Suruali isiyopitisha maji nayo hupatikana ukivumilia kuchambua. Viatu vya skii, skii zenyewe (vile vipande virefu vya kutelezea vinavyofungwa kwenye viatu) na helmeti utakodi kule kule. Glavu nzuri na miwani ya theluji usibahatishe. Jinzi acha nyumbani: inanyonya maji, halafu inaganda.

Hatua

1. Rekebisha saa kichwani. Wakati wa baridi wao wako nyuma yetu kwa saa mbili. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi ni saa moja. Na saa zao zimeandikwa kwa mtindo wa 24. Ukiona lifti ya mwisho ni 16:00, hiyo ni saa kumi jioni. Usicheke, kuna kaka alisoma 16:00 akaielewa saa nne usiku kwa sababu aliondoa sita mara mbili. Alishuka kwa miguu.

2. Piga hesabu ya joto kwa mwinuko. Hewa hupoa wastani wa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Unaijua hii tayari kwa mwili: ukitoka Dar nyuzi 31 ukafika Lushoto, mita kama 1,400, unakuta nyuzi kama 22 na unatafuta sweta.

Mlimani ni hesabu hiyo hiyo. Siku yangu ya kwanza ya mapumziko, simu ilisema kijijini nyuzi 2 juu ya sifuri. Kijiji kilikuwa mita 900. Nikavaa glavu za sufu nilizonunua Kariakoo, nikapanda mpaka mita 2,500. Tofauti ni mita 1,600, zidisha kwa 6 na nusu, unapata nyuzi 10 na ushee. Yaani juu kulikuwa nyuzi 8 chini ya sifuri, na hapo bado sijataja upepo. Nilishuka na lifti ile ile iliyonipandisha, vidole vimekuwa kama vya mtu mwingine.

Fanya hesabu hii mara mbili, kwa kituo cha katikati na cha juu. Ukiwa mwanafunzi wa siku ya kwanza utakuwa chini kwenye uwanja wa wanaoanza, lakini vituo vingine vimeweka uwanja huo juu, kwenye kituo cha katikati. Uliza.

*Angalizo:* hesabu hii hugeuka kichwa chini siku za hewa tulivu. Baridi nzito hushuka na kulala bondeni chini ya ukungu, huku juu jua linawaka na kuna joto kuliko kijijini. Utaiona kwenye kamera, nitaieleza hatua ya 6.

3. Tafuta mstari wa sifuri. Kila utabiri wa mlima unaandika mwinuko ambapo joto ni sifuri. Kwa Kijerumani ni Nullgradgrenze, kwa Kifaransa isotherme zéro. Theluji inaposhuka haiyeyuki papo hapo ikivuka mstari huo, huendelea kushuka mita kama 300 hivi kabla haijawa mvua. Kwa hiyo:

Mstari wa sifuri ukiwa mita 1,000, theluji itafika karibu mita 700. Kijiji chako cha mita 900 kitakuwa cheupe. Mstari ukiwa mita 2,200, theluji inaanzia karibu mita 1,900. Kijijini unapigwa na mvua kama ya masika, na miteremko ya chini inaloa.

Mvua juu ya theluji ndiyo adui. Usiku ikiganda, asubuhi unateleza juu ya sakafu ya vigae. Kwa hiyo usiangalie mstari wa leo tu, angalia umekuwa wapi siku tatu zilizopita. Ukiona ulipanda mpaka 2,500 juzi kukiwa na mvua, halafu jana ukashuka mpaka 800, tegemea barafu, hata tovuti ya kituo ikisema "hali nzuri".

Kipimo cha haraka: milimita 1 ya maji kwenye utabiri ni karibu sentimita 1 ya theluji mpya. Kukiwa na baridi kali theluji huwa nyepesi na hurundikana zaidi ya hapo. Ikiwa karibu na sifuri huwa nzito na kupungua.

4. Soma upepo, na usiuchukulie kama wa Coco Beach. Sisi upepo tunaupenda. Kaskazi ikivuma Januari unafungua dirisha. Mlimani upepo ndio unaoamua kama utafurahi au utakaa mgahawani siku nzima ukinywa chokoleti ya bei mbaya.

Kwanza, unaongeza baridi mwilini. Nyuzi 5 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 40 kwa saa, uso unasikia kama 14 chini ya sifuri. Nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30, unasikia kama 20 chini ya sifuri. Ile siku yangu ya nyuzi 8 ilikuwa na upepo wa kilomita 35, yaani kama 17 chini ya sifuri, na glavu za sufu. Na kumbuka ukiteleza unatengeneza upepo wako mwenyewe. Ukikaa kwenye lifti ya viti, robo saa, miguu ikining'inia, ndipo baridi inapokupata vizuri.

Pili, unafunga lifti. Lifti za viti na magari ya waya ya juu husimamishwa upepo ukizidi. Angalia upepo wa kileleni, na uangalie namba ya dhoruba za ghafla, hiyo huwa kubwa kuliko wastani. Ukiona dhoruba za kilomita 70 na kuendelea, usilipe tiketi ya kwenda juu kabisa kabla hujahakikisha kuwa lifti inatembea.

Tatu, kuna upepo unaoitwa Föhn. Innsbruck wanaujua kama sisi tunavyojua kusi. Hutoka kusini, hupanda upande mmoja wa milima ya Alps, humwaga unyevu wake huko, halafu hushuka upande wa pili ukiwa mkavu na wa moto. Joto la bonde linaweza kupanda nyuzi 10 na zaidi kwa saa chache. Mbingu inapendeza, milima inaonekana karibu kama unaweza kuigusa, na mgeni anasema "leo ndiyo leo". Huko juu dhoruba inapiga na theluji inalainika. Wapishi wenzangu siku za Föhn walilalamika kichwa kinauma. Nilidhani ni visingizio vya kazi, mpaka msimu wa pili nikaanza kulalamika na mimi.

Nne, upepo unahamisha theluji. Unaichota upande mmoja wa kilima na kuilundika upande wa pili kama vumbi la barabara nyuma ya mlango. Lundo hilo ni hatari, linarudi kwenye hatua ya 7.

5. Sasa soma taarifa ya theluji ya kituo. Utakuta namba kadhaa: kina cha theluji chini, kina juu, theluji mpya ya saa 24, tarehe ya theluji ya mwisho, lifti zilizo wazi, kilomita za miteremko zilizo wazi. Wageni wote hukimbilia kina. Ni namba ninayoiamini kidogo kuliko zote.

Sababu ya kwanza: kituo ndicho kinachopima na kutangaza, na ndicho kinachouza tiketi. Mchuuzi wa samaki Feri ukimuuliza samaki wa lini atakwambia wa leo. Si lazima awe anadanganya, lakini wewe bado unafunua shavu. Sababu ya pili: mita mbili za theluji iliyonyeshewa na kuganda ni mbaya kuliko sentimita 50 zilizokaa kwenye baridi kavu wiki nzima. Mteremko uliosawazishwa vizuri juu ya nyasi laini hauhitaji kina kikubwa.

Fanya hivi: anza na tarehe ya theluji ya mwisho. Kisha linganisha na mstari wa sifuri tangu siku hiyo. Kisha angalia lifti ngapi ziko wazi kati ya zote. Kituo chenye lifti 40 kikiwa kimefungua 9, hiyo ndiyo taarifa, mengine ni mapambo. Mwisho kabisa ndiyo uangalie kina.

Aina ya theluji huandikwa pia. Utakutana na hizi:

Theluji ya unga: mpya, kavu, nyepesi. Wazoefu wanaililia. Mwanafunzi wa kwanza itamchosha, skii zinazama na mguu haugeuki.

Iliyoshindiliwa: mashine zimepita usiku zikaacha mistari kama shamba lililopigwa haro. Hii ndiyo yako. Ikiwa saa tatu asubuhi, jua limetoka, mistari haijavurugwa, wahi.

Ngumu au ya barafu: skii hazishiki. Anayeanza aahirishe mpaka jua liilainishe.

Ya masika, nzito, iliyolowa: Machi na Aprili mchana. Magoti hupata taabu, kuanguka kwa kujipinda ni rahisi.

Ya kutengenezwa: mabomba yanarusha matone ya maji kwenye hewa ya baridi yakaganda. Inahitaji baridi ya kama nyuzi 2 chini ya sifuri au zaidi, na hewa kavu inasaidia. Ni nzito na ngumu kuliko ya mbinguni, lakini ndiyo inayookoa Desemba ya vijiji vya chini. Ukiona wiki nzima usiku joto liko juu ya sifuri, ujue hata hiyo hawajaitengeneza.

6. Fungua kamera, angalia vivuli. Hapa watu huangalia kama ni pazuri, wakapiga picha ya skrini wakarusha kwenye familia. Wewe tafuta mambo manne. Saa iliyoandikwa pembeni: picha ni ya sasa au ya jana? Bendera au moshi: upepo unaelekea wapi, una nguvu? Viti vya lifti: vinatembea? Na vivuli: je, watu na miti vina kivuli kwenye theluji?

Pasipo kivuli kuna mwanga bapa. Mawingu yakifunika, theluji na mbingu vinakuwa rangi moja, huoni shimo wala tuta, huoni kama unateremka au umesimama. Kwa anayejifunza ni kama kutembea Kariakoo umefungwa kitambaa machoni. Siku hizo nenda kwenye miteremko iliyopita katikati ya miti, miti inakupa alama. Juu ya mstari wa miti usiende. Miwani yenye kioo cha rangi ya chungwa au waridi inasaidia kidogo. Ile nyeusi ni ya siku ya jua.

Na ule ukungu niliousema: kamera ya kijiji ikionyesha kijivu tupu, usilale tena. Fungua kamera ya kituo cha juu. Nililala siku mbili za mapumziko nikidhani kumechafuka, kumbe juu ya mita 1,500 watu walikuwa wamevua majaketi na bahari ya mawingu iko chini yao.

7. Soma kiwango cha hatari ya maporomoko. Hapa usiruke hata mstari. Nchi za Alps zinatumia kipimo kimoja cha ngazi tano: 1 ndogo, 2 ya kiasi, 3 ya kutia wasiwasi, 4 kubwa, 5 kubwa sana. Uswisi taarifa hutolewa na SLF, taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliyoko Davos, saa kumi na moja jioni kwa saa zao, na wakati wa baridi inarudiwa saa mbili asubuhi. Tirol hutoka pia saa kumi na moja jioni, na husomeka kwa Kiingereza. Ufaransa hutolewa na Météo-France kwa kila safu ya milima.

Kosa la wageni ni kuona 3 kati ya 5 wakasema "katikati, si mbaya". Hatari haipandi ngazi kwa ngazi sawa kama ngazi za ghorofa, inaruka. Kwenye 3 mtu mmoja tu akipita mahali pabaya anaweza kuangusha mlima, na watu wengi wanaokufa Uswisi hufa siku za ngazi ya 3. Siku za 5 wengi huwa wamebaki ndani. Jambo jingine: karibu mara tisa kwa kumi, poromoko linalomnasa mtu limeangushwa na yeye mwenyewe au wenzake. Halikuja kumtafuta.

Taarifa hiyo inakuambia pia hatari iko mwinuko gani na upande gani wa mlima, na sababu: theluji mpya, malundo ya upepo, tabaka dhaifu la chini, au theluji iliyolowa. Miteremko mikali kuanzia nyuzi 30 za mwinamo ndiyo inayoporomoka zaidi.

Kwako wewe unayeanza, kanuni ni fupi. Kaa ndani ya njia zilizowekwa vijiti na alama. Wafanyakazi wa kituo huzikagua na kuzifunga zikiwa na hatari. Kamba ikifungwa, usipite chini yake, hata ukiona nyayo za skii zinaendelea upande wa pili. Nyayo hazikwambii kama mwenyewe alirudi. Anayetoka nje ya njia anakuwa na kifaa cha kutafutana, fimbo ndefu ya kuchoma ndani ya theluji kumtafuta aliyefunikwa, na koleo, anajua kuvitumia, na yuko na mwongoza milima. Aliyefunikwa ana matumaini makubwa katika dakika 10 hadi 15 za kwanza. Helikopta ikifika huwa zimepita, anayekuchimbua ni mwenzako.

8. Chagua saa na upande wa mlima. Januari jua linachelewa na siku ni fupi. Subiri saa nne, jua lishuke kwenye mteremko wako, na saa tisa alasiri anza kurudi. Machi na Aprili geuza: saa tatu theluji ni ngumu, kati ya saa nne na saa sita inakuwa tamu, baada ya chakula cha mchana inakuwa uji. Upande wa mashariki hulainika mapema, wa magharibi baadaye, wa kaskazini hubaki mkavu na wa baridi. Rangi za njia: Uswisi na Austria rahisi kabisa ni bluu, kisha nyekundu, kisha nyeusi. Ufaransa wana kijani chini ya bluu.

9. Asubuhi yenyewe, dakika tano kabla ya kulipa. Mstari wa sifuri, upepo wa kileleni, ngazi ya hatari, lifti zilizo wazi, kamera ya juu. Kwa mpangilio huo. Viwili vikiwa vibaya, nunua tiketi ya nusu siku au usinunue. Mimi sinunui kabisa tiketi ya wiki nzima kwa mtu wa mara ya kwanza, labda uwe na hela ya kuchezea.

Makosa ya watu wetu hasa

"Ngozi nyeusi haiungui." Inaungua. Miale ya jua inaongezeka karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na theluji mpya inairudisha hadi asilimia 80, kwa hiyo unachomwa kutoka juu na kutoka chini, mpaka ndani ya pua. Paka mafuta ya kukinga jua, midomo nayo. Bila miwani macho yanaweza kuungua pia. Jioni yanawasha kama yametiwa mchanga.

Kuvaa sweta tano. Vaa tabaka tatu: ya ndani inayokauka haraka, ya katikati ya joto, ya nje ya kuzuia upepo na maji. Fulana ya pamba ikilowa jasho inakugandisha kwenye lifti.

Kuamini utabiri wa siku kumi. Baada ya siku tano ni ramli.

Kupanda moja kwa moja mpaka mita 3,800 siku ya pili baada ya kutoka usawa wa bahari, kupiga picha. Kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu kikaja, shuka. Waliopanda Kilimanjaro wanaijua habari hii.

Ukikwama

*Vyanzo viwili vinapingana.* Angalia kila kimoja kimepiga kwa mwinuko gani. Mara nyingi kimoja kinasema cha kijiji na kingine cha kilele, na vyote ni kweli. Kama mwinuko ni ule ule, fuata cha mamlaka ya nchi.

*Taarifa iko kwa Kijerumani tu.* Neuschnee ni theluji mpya. Lawinengefahr ni hatari ya maporomoko. Geschlossen imefungwa, offen iko wazi. Talstation ni kituo cha chini, Bergstation cha juu. Kwa Kifaransa fermé imefungwa, ouvert iko wazi, neige fraîche ni theluji mpya.

*Uko juu, ukungu umeingia ghafla.* Simama pembeni ya njia, usiwe katikati. Fuata vijiti kimoja baada ya kingine, usikate kona. Ukifika lifti ya behewa, omba kushuka nayo. Mahali pengi wanakubali, na hakuna atakayekucheka. Umepotea au umeumia, piga 112 popote Ulaya, Austria kikosi cha uokoaji milimani ni 140, Uswisi helikopta ya Rega ni 1414. Chaji ya simu hukimbia kwenye baridi, iweke mfuko wa ndani karibu na mwili.

*Vidole vimekufa ganzi.* Ingia ndani, weka mikono kwapani. Usisugue, wala usivipake theluji, wala usivitie kwenye maji ya moto; huvisikii, utajiunguza. Vikibaki vyeupe na vigumu, nenda kwa daktari wa kituo.

*Lifti zimefungwa na leo ndiyo siku yako pekee.* Uliza dirishani kama miteremko ya chini ya msituni iko wazi. Kama hapana, kodi kigari cha kuteleza cha mbao, kina njia yake na hakihitaji mafunzo ya siku tatu. Mama wa rafiki yangu, miaka 61, alikataa skii akachukua hicho.

*Umefika, hakuna theluji kabisa.* Hutokea. Mwanzoni mwa Januari 2023 vijiji vingi vya chini vilikuwa vya kijani, watu wakiteleza kwenye utepe mwembamba wa theluji ya kutengeneza. Kama hujalipa hoteli, chagua mahali pa juu tangu mwanzo: Obergurgl (Austria) iko mita 1,930, Val Thorens (Ufaransa) mita 2,300, na Zermatt wanateleza kwenye barafuto, ile barafu ya kudumu ya mlimani, mwaka mzima. Kama umeshalipa, ulizia basi au treni ya kwenda bonde la juu zaidi. Hoteli yetu ilikuwa ikiwapeleka wageni asubuhi na kuwarudisha jioni, na sisi wa jikoni tulipanda basi hilo hilo likiwa na nafasi, kiti cha nyuma kabisa.